Wakili Mweusi aliyechaguliwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani

Ndugu, umeuliza kama kuna Mmarekani Mweusi aliyewahi kupigiwa kura akashinda kabla utumwa haujafutwa. Yupo: John Mercer Langston, alichaguliwa karani wa kata ya Brownhelm, Ohio, mwaka 1855. Cheo kidogo, ndiyo, lakini waliompa kura walikuwa wazungu watupu, na huko kusini watu wa rangi yake walikuwa bado wananadiwa sokoni.

Alizaliwa Virginia 1829, baba mzungu mwenye shamba, mama aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Wote wawili walifariki 1834, mtoto akapelekwa Ohio. Alihitimu Chuo cha Oberlin, hukohuko Ohio, 1849, akataka kusomea sheria, milango ikafungwa kwa sababu ya rangi yake. Shule moja ya New York ilimshauri ajifanye Mfaransa au Mhispania ili apokelewe. Akakataa katakata! Mimi hapo ndipo ninapompendea, maana angeweza kuuma meno akadanganya, na nani angemlaumu? Badala yake alikwenda mji wa Elyria kusoma chini ya wakili Philemon Bliss, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili Ohio mwaka 1854.

Baadaye aliongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, akawa balozi Haiti. Mwaka 1888 aligombea kiti cha Virginia katika Bunge la Marekani. Matokeo yakabishaniwa mpaka Septemba 1890 ndipo akaapishwa, muhula ukiwa umebaki miezi michache tu. Alifariki 1897.