Barua kwa mwanangu: kwa nini kwetu ni Pasaka

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa shambani, mara ya pili barazani, mama yako akiwa pembeni anacheka. Umeuliza: "Baba, hivi wenzetu wote wanarudi kwao Krismasi, kwa nini sisi ni Pasaka, kwenye mvua na matope?" Kisha ukaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwenzio anataka Pasaka ijayo mwende na watoto Zanzibar, na unaogopa nitakasirika.

Sitakasirika. Ila nimeona niandike, maana kwa simu ningekujibu kwa maneno mawili na ungebaki na swali lako.

Kuhusu mvua huna kosa. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mimi naamini nusu yake husubiri Pasaka. Nikiwa mdogo, basi kutoka Mbeya mjini lilikuwa likituletea ndugu wamelowa hadi mifukoni, viatu wameshika mkononi. Baba yangu mdogo aliyefanya kazi reli ya TAZARA alikuwa akija na mkate wa mjini, na kila mwaka mkate ulifika ukiwa uji. Tuliula hivyo hivyo.

Krismasi kwetu ilikuwa ndogo. Kanisani, wali, basi. Wakubwa wengi walibaki huko huko makazini. Pasaka ndiyo iliyowarudisha. Shangazi alipanda kutoka Kyela na gunia la mchele, na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, uliofungwa kwenye kanga ambayo haikuweza tena kuvaliwa. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini sukari ilikuwa adimu kama dawa, na waliokamatwa nayo kwa magendo waliitwa wahujumu uchumi. Basi Shangazi alizamisha mkono katikati ya gunia la mchele, akatoa kilo mbili za sukari, na katika watu wazima wote waliokuwa mle jikoni hakuna aliyemuuliza imevukaje kutoka Malawi. Mzee wa kanisa alikuwemo. Naye akanywa chai.

Mwaka mmoja nilihesabu watu 43 kwa Babu. Watoto tulilala chini kwenye mikeka, vichwa upande huu na miguu upande ule, kama dagaa. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, zilipikwa kwenye sufuria la kukopa kanisani, kwa maharage siku ya Ijumaa Kuu na Jumamosi, kwa nyama siku yenyewe. Ng'ombe alichinjwa mmoja kwa kaya kadhaa, nyama ikawekwa mafungu juu ya majani ya mgomba, na ugomvi juu ya fungu la maini ulikuwa sehemu ya sikukuu.

Lakini hukuniuliza chakula.

Sisi ni Wamoraviani, Wakristo wa Kanisa la Moravian, na Mmoraviani Pasaka huianzia makaburini. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo kutoka Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1732 vijana walipanda alfajiri hadi makaburini kuimba jua likichomoza. Sidhani ilikuwa kazi kubwa kuwashawishi babu zetu. Mnyakyusa alikuwa na mazungumzo yake na marehemu wake tangu zamani; aliongezewa matarumbeta tu.

Jumamosi ilikuwa ya majembe. Kila mtoto alipewa kaburi lake la kupalilia, na kabla hujaanza lazima useme ni la nani na ni nani wako. Ukikosea unafundishwa, ukikosea tena unapewa na la jirani. Tulipaka chokaa yale yaliyojengewa, tukapanga maua tuliyochuma uani. Jumapili saa kumi alfajiri matarumbeta yalipita nyumba kwa nyumba. Nakwambia, hakuna namna ya kuendelea kulala tarumbeta likiwa dirishani. Tukatoka gizani, ukungu umekaa juu ya migomba, taa za chemli zikienda mbele. Makaburini mchungaji akasema, "Bwana amefufuka!" nasi tukajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Palikuwa na baridi hadi neno "kweli" lilitoka na moshi.

Sasa nikupe jambo ambalo sijawahi kukusimulia, na ndilo jibu.

Unajua mila yetu ya mkwe. Siku hizi mnaisikia kama hadithi. Mama yangu, huyo ambaye umebeba jina lake, hakuruhusiwa kumwona Babu uso kwa uso. Mkwe wa kike akimwona baba mkwe njiani, anaingia migombani, hata awe na ndoo ya maji kichwani. Haingii nyumba aliyomo. Jina lake halitamki, wala maneno yanayofanana nalo. Mama alikuwa na maneno yake ya pembeni kwa vitu vya kawaida kabisa, nami nikakua nikidhani ndicho Kinyakyusa, hadi nilipoanza shule wenzangu wakanicheka kwamba nazungumza kama mke wa mtu.

Kanisa lilikuwa limeshaanza kuilegeza mila hiyo, na kwa majirani wengine ilikuwa imebaki nusu. Kwa Babu haikulegea. Si kwamba alikuwa mkali. Nadhani aliona akiiachia hatajua aishi vipi na wake za wanawe.

Siku za kawaida ilikuwa rahisi, kila mtu na njia yake. Pasaka, na watu 43 uani, ilikuwa vita. Kazi yangu ilikuwa ulinzi. Nilikaa kwenye kona ya zizi, Babu akijitokeza napiga mluzi, na wake watatu wa nyumba ile wanatoweka kama kuku walioona mwewe. Sufuria linabaki linachemka peke yake. Nilijiona mtu muhimu kuliko mchungaji.

Nilichelewa kugundua kwamba Babu naye alikuwa akinisaidia. Kila alipokaribia kona alikohoa. Kikohozi kikubwa, kikavu, cha mtu asiye na mafua. Anakohoa, anasimama kidogo, anatazama mlima Rungwe kana kwamba anauhesabia mawingu, ndipo anaendelea. Miaka yote ile alikuwa akiwapa akina mama muda wa kuondoka.

Babu alifariki Novemba 1983. Pasaka iliyofuata iliangukia tarehe 22 Aprili 1984, siku kumi tangu Waziri Mkuu Sokoine afariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, na wakubwa walikuwa hawana habari nyingine. Redio ya baba mdogo ilikuwa imezungukwa na wanaume kutwa nzima. Ndiyo maana Jumamosi ile makaburini tulikuwa wanawake na watoto karibu tupu, na ndiyo maana nadhani mimi peke yangu niliona.

Kaburi la Babu lilikuwa bado tuta la udongo, magugu yameota kote. Bibi aligawa kazi kama kawaida. Alipofika kwa Babu akanyamaza, akamwangalia Mama. Shangazi akaanza kusema kwamba hilo si sawa, mkwe hawezi. Bibi akasema, "Mwache." Neno moja tu.

Mama akasimama mbali, kama hatua kumi. Hakusogea. Nikadhani anaogopa. Kisha akakohoa. Mwanangu, alikohoa vile vile kama Babu, kikavu, halafu akageuza uso upande wa mlima, akangoja. Akangoja muda wote ule ambao Babu alikuwa akiwangojea wao. Ndipo akaenda, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Jembe aliliacha. Alipomaliza alilisawazisha lile tuta kwa viganja, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgonjwa.

Kesho yake mchungaji aliposoma majina ya waliotutoka mwaka ule, nilimtazama Mama likisomwa la Babu. Aliinamisha kichwa. Amefariki mwaka 2011 bila kulitamka.

Kwa hiyo siku zote ninaposema "twende Pasaka" hicho ndicho ninachokifuata, na si nyama. Mama yako anajua, ingawa yeye alipoolewa mambo yalikuwa mengine kabisa. Siku ya kwanza alimpa baba yangu mkono, "Shikamoo baba," na Bibi yako nusura adondoshe sinia.

Nendeni Zanzibar. Watoto waione bahari, nami nitumiwe picha. Mwambie mkwe wangu sina kinyongo, asije akaanza kunipigia simu za kujieleza, nitaona aibu.

Mimi Jumamosi ile nitakuwa na jembe kama kawaida. Kaburi la Bibi yako maji yamekula udongo upande wa chini, nimeshazungumza na fundi aje na mifuko miwili ya saruji mvua hazijakolea. Mkibadili mawazo, beba buti za mvua za watoto huko huko. Za huku ni za wachuma chai, zitawafika mapajani. Na mama yako anauliza, kama mtakuja, apike mbalaga au magimbi, maana mumeo mara ya mwisho alikula ndizi mbili akasema ameshiba, na yeye hilo hajalisahau.

Baba yako,
Tukuyu