Kabla Hujawasha Mtambo, Wapigie Watu wa Gesi

Ninyi mnaoanza zamu kwenye chumba cha kuongozea gridi, ngojeni niwape kosa langu kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Saa moja jioni, muda ambao kila nyumba ina taa na televisheni, mtambo mkubwa wa maji ukajitoa kwenye gridi. Frikwensi, yaani kasi ya mapigo ya umeme ambayo hushuka matumizi yakizidi uzalishaji, ikaanza kushuka kutoka hezi 50. Nikafanya nilivyofundishwa: nikaagiza mitambo mitatu ya gesi iwashwe kwa mpigo. Ikawaka, frikwensi ikapanda, nikajiona fundi. Haikupita saa nzima, mtambo wa nne, uliokuwa umetulia tangu asubuhi, ukazimika wenyewe. Mafundi waliukagua wasione hitilafu. Ulikuwa mwisho wa bomba, na mitatu ile ilipovuta gesi, presha pale ilishuka chini ya kiwango chake. Mzee wa zamu upande wa gesi akanipigia: "Kijana, si ungeniambia tu."

Shuleni hawakunifundisha kwamba umeme na gesi vina saa tofauti. Umeme unaozalishwa sekunde hii unatumika sekunde hii. Gesi kwenye bomba kubwa hutembea kilomita 20 au 30 kwa saa, mwendo wa mtu wa baiskeli mwenye haraka. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lina kama kilomita 500. Wakiongeza gesi Madimba, kule Mtwara inakosafishwa, sasa hivi, mtambo wa Kinyerezi, Dar es Salaam, usiku huu utachoma ile iliyokuwa tayari ndani ya bomba.

Kwa hiyo bomba ni ghala, na ghala lina hesabu yake. Ifanyeni wenyewe kwa mkono angalau mara moja. Chukua bomba la kipenyo cha sentimita 90 na urefu wa kilomita 500. Ndani yake mna nafasi ya meta za ujazo kama 318,000. Ukiruhusu presha ishuke bar 1 (kama presha ya hewa inayotuzunguka) kwa bomba zima, unapata gesi ya takriban kiasi hicho hicho ikipimwa kwa presha ya kawaida. Mitambo ya megawati 150 isiyotumia mvuke huchoma kama meta za ujazo 43,000 kwa saa. Bar 1, basi, ni kama saa 7 za kazi. Ukiishia hapo utafurahi kama nilivyofurahi mimi. Ila presha haishuki sawasawa: inaanza kuporomoka pale unapovuta, yaani mlangoni kwa mtambo, wakati kule kwenye chanzo saa ya presha bado inaonyesha neema. Ndiyo maana ukiuliza presha, uliza ya mlangoni kwa mtambo. Ya kisimani haikusaidii.

Zamani tuliweza kuishi bila kujua haya. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo ilipofika mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, na baadaye ile ya Mtwara ilipofika Kinyerezi, mitambo ya gesi ilikuwa ndiyo sakafu ya gridi, usiku na mchana. Mtu wa gesi alijua kesho itafanana na leo. Kisha Februari 2024 Bwawa la Nyerere likaanza kuingiza umeme: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Hebu pima: mtambo mmoja wa bwawa hilo ukijitoa, pengo lake linazidi Kinyerezi ya kwanza yote ilivyojengwa mwanzoni, megawati 150. Na kuna mradi wa umeme wa jua Shinyanga, na jua likizama halibembelezwi.

Wengi hudhani nishati jadidifu, kama ya maji na jua, ikiongezeka watu wa gesi wanapumzika. Gesi ya mwaka mzima inaweza kupungua kweli, huku ile ya saa moja ya jioni ikibaki pale pale au kuzidi. Na kuna taabu ya pili isiyosemwa sana: mitambo ikizimwa ghafla kwa sababu maji ni mengi, gesi inaendelea kuingia bombani na presha inapanda hadi visima vipunguzwe. Mpeni mwenzenu wa gesi makadirio ya kesho saa kwa saa, ya juu na ya chini. Tarakimu moja ya siku nzima haimsaidii kitu.

Na jueni mitambo yenu. Ule usio na mvuke unawaka kwa dakika. Ule wenye sehemu ya mvuke, inayotumia joto la moshi kuchemsha maji, kama Kinyerezi ya pili, unatumia gesi vizuri zaidi, lakini ukiwa umepoa utakuchukua saa kadhaa. Usiuzime saa nane mchana kisha uutake saa moja jioni.

Kisa cha Texas, Februari 2021, nakisimulia kwa kila mgeni. Baridi iligandisha visima na mitambo, gesi ikapungua, umeme ukapungua. Waongozaji wa gridi wakakata maeneo ili kuokoa mfumo, na katika kukata wakazima baadhi ya vituo vya gesi vyenyewe, kwa sababu havikuwa kwenye orodha ya wasiokatwa. Gesi ikapungua zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 15, frikwensi yao, ambayo kwa kawaida ni hezi 60, ilikaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Ingefika dakika 9, mitambo mingi ingejitoa yenyewe. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246 katika dhoruba ile. Nenda kesho ukaulize: kituo cha kusafisha gesi kinapata umeme wapi, na je, laini yake imo kwenye orodha yetu ya mgao?

Mtakutana pia na vijana wanaotaka kuzungumzia haidrojeni tu kama mbadala wa gesi. Wasikilizeni, kisha waambieni kwamba ukichanganya haidrojeni asilimia 20 ya ujazo kwenye gesi, sehemu yake ya nishati ni kama asilimia 7 tu. Uingereza wameanza na jambo la kawaida zaidi: tangu Oktoba 2024 wana chombo kimoja, NESO, kinachopanga mitandao ya umeme na gesi kwa pamoja, ingawa bomba lenyewe bado linaongozwa na kampuni nyingine.

Kwetu, anza na simu. Namba ya zamu ya gesi ibandike ukutani, kwa maandishi makubwa. Usiihifadhi kwenye simu yako, maana zamu ikiisha unaondoka nayo.