Moshi Utokao Ardhini

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulifika Nicodemus, kile kijiji cha jimbo la Kansas, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, utumwa ukiwa umekwisha juzi tu. Unaniuliza: walikuwa mashujaa, au walidanganywa na vipeperushi vilivyoisifu nchi ile?

Mimi nimekwama kwa yule mama, Willianna Hickman, mmoja wa walowezi hao. Mwaka 1878 wenzake wanapiga kelele kwamba Nicodemus ile pale, naye anaangaza macho asione nyumba. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini, maana watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo. Akalia.

Nikamwona bibi yako. Mwaka 1974, serikali ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, lori lilitufikisha jioni kwenye pori lenye vigingi tu. Alikataa kushuka. Alikaa juu ya gunia la mtama, amepakata chungu chake, babu yako akimbembeleza mbele za watu. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwonea aibu. Aibu ile inanichoma mpaka leo. Ningepanda nikakae naye.

Unajua nisemavyo: nchi mpya usiiulize ekari, iulize kuni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliahidi ekari 160 kwa atakayekaa miaka mitano akilima, lakini uwanda ule miti ilikuwa adimu, walowezi wakakokea mavi makavu ya nyati na ng'ombe. Sisi tulikokea samadi na mabua ya pamba. Uliza kuni, mwanangu!

Utasema sisi tulipakiwa, wao walikwenda kwa hiari. Kweli. Ila mtu mweusi aliyekuwa akionewa kule Kusini mwa Marekani, hiari yake ilikuwa ya namna gani? Hapana, ilikuwa hiari, nisiwanyang'anye. Wengine walirudi, mama Hickman akabaki. Na inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza Waosage, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakitoka kuwinda waliwagawia nyama, na hao nao walikuwa wamekwisha kuondolewa Kansas.

Unataka neno moja. Ulimi unaniwasha niseme walidanganywa, lakini simo katika nafasi ya kulisema.

Bibi yako alishuka usiku, jirani tusiyemjua alipoleta kaa la moto kwenye kigae. Ukirudi Nicodemus, niulizie kama yupo anayejua ni nani aliyempa mama Hickman moto siku ile.

Baba yako