Kufuatilia ndege, macho na wagonjwa

SWALI: Wanabiolojia "hufuatilia" ndege, wanasaikolojia macho, madaktari wagonjwa. Je, ni jambo lile lile?

JIBU: Kiini ni kimoja: kupima kitu kilekile mara kwa mara, ukiwa na hakika kuwa ni kilekile. Kinachoharibika ndicho hutofautiana.

Kwa ndege, shida ni uzito. Kifaa cha kumfuatilia anachofungwa kwa kawaida hakizidishwi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mwili. Ndege wa gramu 100 abebe gramu 3 hadi 5 tu, mikanda ikiwemo. Betri basi ni ndogo, na unachagua: vipimo vya kila dakika kwa siku chache, au vichache kwa miezi.

Kwenye macho, kamera husoma mboni na mng'aro wa taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili kujua mtu anatazama wapi. Mshiriki kwanza hutazama nukta za kusawazishia, yaani nukta ambazo mahali pake panajulikana, mara nyingi 5 au 9. Kichwa kikisogea sana, vipimo huhama, sawazisha upya.

Kwa wagonjwa, teknolojia si tatizo (wengi hudhani ndiyo). Tatizo ni wanaotoweka kabla utafiti haujaisha. Wakitoweka kwa sababu wamezidiwa, waliobaki watafanya dawa inayojaribiwa ionekane bora kuliko ilivyo.