Raidi yangu inalia kama kengele, tatizo ni saizi au uzito?

SWALI: Habari za kazi. Nilikuwa napiga dramu bendi ya roki, sasa nipo kwenye kikundi cha jazi, tupo watatu tu, piano, besi na mimi. Raidi yangu, yani lile toazi la kushikia mdundo, ni ya inchi 20, ile nzito, na nikianza tu ting ting-ka-ting mpiga piano ananikunjia uso, anasema namgongea kengele sikioni. Wananishauri ninunue ya inchi 22 ila naogopa, si kubwa ndo itazidi kelele?

JIBU: Pole sana, na huyo mpiga piano msikilize maana ana haki. Ila usiogope hizo inchi, kinachokuumiza ni uzito. Hiyo 20 yako nzito inaweza kupita gramu 2,500, wakati 22 ya jazi nyingi zinacheza kwenye gramu 2,100 mpaka 2,400 hivi, yani toazi kubwa kuliko lako halafu jepesi kuliko lako! Bati likiwa nene linakuwa gumu, linatetemeka haraka, sauti inapanda juu na kila pigo linatoka kali peke yake, kwenye roki hiyo ndo raha yake maana lazima upenye katikati ya magitaa, lakini kwa piano isiyo na spika unamfunika mwenzio. Bati jembamba na pana linatetemeka taratibu, sauti inashuka, inakuwa nzito nzito kidogo, na chini ya mapigo yako unasikia ule mvumo unaotandaza wimbo mzima. Mpiga dramu Tony Williams alipokuwa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis miaka ya 60 raidi yake ilikuwa ya inchi 22.

Sasa usikimbilie jembamba kupita kiasi, hapo ndo wengi tunapoteza hela. 22 ya gramu 1,900 ukipiga taratibu ni tamu mno, ila tempo ikikolea mvumo unajaa, unameza mlio wa ncha ya stiki, na mpiga besi hajui tena pigo lako liko wapi. Kwa hiyo ukienda kujaribu nenda na stiki zako mwenyewe, piga tempo ya kasi dakika nzima bila kuacha, usigonge mara moja ukasema nzuri. Mwisho wa hiyo dakika ile "ting" bado inasikika au imezama? Halafu mpe mtu mwingine apige, wewe kasimame mbali kidogo, kwa sababu unachosikia ukiwa kwenye kiti sicho kinachowafikia wenzio. Angalia na kile kibonge kilichoinuka katikati ya toazi, kikiwa kidogo mvumo unatulia zaidi, na zipo raidi zisizo nacho kabisa, kavu kabisa, mpiga dramu Roy Haynes alitumia moja aliporekodi na mpiga piano Chick Corea mwaka 1968, ukisikiliza kila pigo limesimama lenyewe.

Wakati unajichanga, chukua stiki nyembamba yenye ncha ya mbao sio ya nailoni, bandika kipande cha tepu kama cha kidole chini ya toazi, mkono ulegeze. 20 yako haitageuka 22, ila makali yatapungua na mazoezi ya wiki hii mtayamaliza kwa amani.