Mfungaji Wetu Bora Ana Hasi 31: Je, Akae Benchi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kocha msaidizi wa timu ya vijana ya mpira wa kikapu hapa Mwanza. Tangu msimu uanze nimekuwa nikiandika kwenye daftari takwimu ya jumlisha-toa ya kila mchezaji. Baada ya mechi 9, kijana anayetufungia pointi nyingi kuliko wote ana −31, ilhali mwenzake wa akiba, ambaye hafikishi hata pointi 4 kwa mechi, ana +22. Wazee wa timu wameliona daftari na sasa wanataka wawili hao wabadilishane nafasi. Je, takwimu hii inatosha kuamua jambo zito kama hilo?

JIBU: Mwalimu, haitoshi. Nasema hivyo ingawa takwimu hii naithamini sana, kwa kuwa ndiyo inayomkumbuka mchezaji anayeziba njia, anayemwekea mwenzake kizuizi ili apate nafasi ya kurusha, na anayewahi kurudi kukaba, kazi ambazo hesabu ya pointi haizioni kabisa.

Kwa wasomaji wasioifahamu, hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchezaji akiingia timu yake ikiongoza 14 kwa 10, kisha akatoka ikiwa nyuma 22 kwa 25, maana yake timu imefunga 8 na kufungwa 15 akiwa uwanjani, naye anaandikiwa −7 hata kama hakuugusa mpira. Klabu ya Montreal Canadiens ya Kanada iliitumia katika mpira wa magongo wa barafuni tangu miaka ya 1950, na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikaiingiza katika karatasi rasmi za matokeo msimu wa 2007-08.

Tatizo lipo katika yale maneno "akiwa uwanjani". Novemba 2017, Luc Mbah a Moute, mzaliwa wa Kameruni aliyesifika kwa ukabaji, aliichezea Houston Rockets dakika 26 dhidi ya Denver Nuggets akatoka na +57. Houston ilishinda 125 kwa 95, yaani kwa tofauti ya 30 tu, na hiyo ina maana kwamba katika dakika 22 alizokaa nje, timu yake ilizidiwa kwa pointi 27. Alicheza vizuri sana usiku ule, hilo halina ubishi. Lakini hakuna anayeweza kudai kwamba pointi 57 zilikuwa zake peke yake katika timu iliyokuwa na nyota kama James Harden na Chris Paul, wala kwamba wenziwe wasingeweza kusimama bila yeye: warushaji wa timu moja wanaweza kupata kila mtupo kwa dakika kumi, wa timu nyingine wakakosa, na wote waliopo uwanjani wakaandikiwa bahati hiyo.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Nadhani mfungaji wako huanza mechi, hivyo hupambana na watano bora wa wapinzani, wakati yule wa akiba huingia wapinzani nao wameshawapumzisha wakali wao. Kama ndivyo, −31 na +22 ni majibu ya mitihani miwili tofauti, na kuyaweka kwenye mizani moja ni kumwonea kijana.

Wataalamu waliliona hilo mapema. Wayne Winston na Jeff Sagarin waliifanyia timu ya Dallas Mavericks hesabu zilizorekebishwa, na mwaka 2004 Dan Rosenbaum akaeleza hadharani namna ya kuzifanya: kila kipindi ambacho wachezaji kumi walewale wako uwanjani huwa mlinganyo mmoja, kisha maelfu ya milinganyo hiyo hukokotolewa kwa pamoja ili kila mchezaji apate thamani yake baada ya kuzingatia alicheza na nani na dhidi ya nani. Hata hivyo, wawili wanaoingia na kutoka pamoja kila mara hakuna hesabu inayoweza kuwatenganisha vizuri, na hata msimu mzima wa NBA wenye mechi 82 huacha shaka kubwa kwa wachezaji wengi.

Wewe huhitaji kompyuta. Badala ya kuandika jina moja moja, andika watano wote kila unapofanya mabadiliko, pamoja na dakika na matokeo ya wakati huo, na uweke alama kama wapinzani wana kikosi chao cha kwanza. Kisha linganisha timu inavyokwenda mfungaji akiwepo na anapokuwa nje. Kama akitoka mnazidiwa zaidi, basi ile −31 inaficha mchango wake. Katika mechi zijazo mwanzishe kijana wa akiba angalau robo moja akabane na wakali wa wapinzani, naye mfungaji mpe dakika kadhaa pamoja na wale wanne wa akiba. Wazee waombe wasubiri hadi vipindi hivyo viwe vingi daftarini, na mkikaa kuamua, wafungulie kurasa hizo kwanza.