Oili ya Dizeli Inapopanda Badala ya Kushuka

SWALI: Mhariri wa safu ya magari, shikamoo. Miezi minne iliyopita nilinunua gari dogo la dizeli la CC 1,500, lililotumika, kutoka Japani. Nilibadilisha oili na filta hapa Dodoma, lakini siku ya tatu oili ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Fundi mmoja akaniambia kuwa ringi za pistoni zimekwisha, mwingine akasema nimeuziwa oili bandia. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba sasa nikipima naikuta oili imepita alama ya juu, ilhali sijaongeza hata tone. Natumia gari kati ya Nkuhungu, soko la Majengo na shule ya watoto, mara nyingi katika vumbi. Je, nibadilishe oili baada ya kilomita ngapi, na naweza kufanya kazi hii mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Umeuliza mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini yanatofautiana sana kwa uzito, nami naomba uyatenganishe.

Weusi usikutie hofu. Dizeli inapoungua hutoa masizi, na sehemu ya masizi hayo hupenya kando ya ringi na kuingia kwenye oili hata katika injini nzima. Oili ya dizeli huwekewa viungo vya kusafisha ambavyo huyashika masizi na kuyaacha yaelee, ili yasigande kwenye vyuma. Kwa hiyo oili iliyogeuka nyeusi ndani ya siku tatu inafanya kazi iliyowekewa, na rangi pekee haimpi fundi yeyote haki ya kukufungulia injini.

Kupanda kwa oili ndiko kunakostahili wasiwasi wako. Karibu magari yote madogo ya dizeli yanayotoka Japani miaka hii yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo likijaa, kompyuta ya gari hunyunyiza dizeli ya ziada kwa kuchelewa kidogo ndani ya silinda, ili moshi upate joto kali la kuyateketeza masizi yale. Baadhi ya dizeli hiyo huteleza kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kwa kuwa dizeli si nyepesi kupeperuka kama petroli, hubaki humo na kuifanya oili iwe nyepesi. Katika safari fupi kama zako, kazi ya kuchoma masizi huanza, gari huzimwa kabla haijakamilika, kisha huanza upya kesho yake, na kila mara dizeli nyingine huongezeka kwenye oili. Oili iliyochanganyika hivyo haizilindi vizuri bearingi wala tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), na ikijaa kupita kiasi inaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kuichoma kama mafuta yake na kukataa kuzimika.

Chovya kijiti cha kupimia, futa tone kwenye karatasi nyeupe na ulinuse. Likinuka dizeli, jibu umelipata. Likiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji ya rejeta, na gari lisiwashwe tena hadi fundi aliangalie. Baadhi ya magari ya aina yako yana alama ya X juu ya alama ya kawaida ya ujazo. Oili ikikaribia X, ibadilishe hata kama kilomita hazijatimia. Ukishaibadilisha na ikapanda tena upesi, mwombe fundi apime nozeli zinazonyunyiza dizeli kama hazivuji.

Kwa matumizi yako, ushauri wangu ni kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Kilomita 10,000 ni za mtu anayetembea safari ndefu kwenye lami. Pia, angalau mara moja kila wiki mbili, liendeshe gari kwa mwendo wa kutulia kwenye barabara kuu, kwa mfano kuelekea Kibaigwa, bila kulizima njiani, ili chujio la ekzosi limalize kujisafisha.

Kuhusu oili yenyewe, usikubali kuwekewa oili ya malori kwa sababu tu nayo ni ya dizeli. Oili nyingi za 15W-40 (namba ya uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka) zinazopimwa kutoka kwenye pipa zina viungo vinavyoacha majivu mengi. Masizi huungua, lakini majivu hayaungui. Hubaki ndani ya chujio la ekzosi hadi linaziba moja kwa moja. Kwa gari la Japani lenye chujio hilo tafuta kopo lililoandikwa DL-1, alama ya Kijapani ya oili ya dizeli yenye majivu machache, kwa uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu ni cha Kijapani, alama hizo zimeandikwa kwa herufi na tarakimu zetu na utazitambua.

Kazi hii unaiweza. Ifanye asubuhi kabla upepo haujaanza, kwa maana vumbi la Dodoma likiingia kwenye mdomo wa kujazia oili litafanya kazi ya msasa ndani ya injini. Washa injini dakika 5 hivi oili ipate uvuguvugu, izime, weka mawe nyuma ya matairi, inua gari kwa jeki kisha uliegemeze kwenye stendi imara. Kamwe usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua boliti ya sampo, acha oili itoke hadi ibaki matone, na unaporudisha boliti iwekee washa mpya, yaani kile kipete chembamba cha kuzuia mvujo.

Filta ibadilishwe kila oili inapobadilishwa. Wako wanaoiosha kwa petroli na kuirudisha, nami nalipinga jambo hilo kwa nguvu zote: karatasi yake ikishaziba, vali iliyomo hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Ukiitoa ya zamani hakikisha mpira wake haukubaki umenata kwenye injini, kwani mipira miwili ikipandana oili yote itamwagika barabarani. Paka oili safi kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kama filta yako ni ya karatasi ndani ya kikombe, badilisha mpira wa kifuniko na ukikaze kama kitabu kinavyoelekeza.

Jaza pungufu kidogo ya kipimo, washa injini na uiache ingurume polepole hadi taa ya oili izimike. Usikanyage mafuta katika sekunde hizo, kwa sababu tabo bado haijapata oili. Zima, chungulia kama kuna panapovuja, subiri dakika 10, pima gari likiwa mahali tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo. Mwisho, katika magari mengi ya aina hii lazima kompyuta ijulishwe kwamba oili ni mpya, la sivyo itaendelea na hesabu ya zamani.

SWALI: Nikibadilisha oili nyumbani, ile chafu niipeleke wapi? Hapa kwetu wengine humwaga nyuma ya nyumba na wengine hupaka nguzo za uzio.
Msomaji, Kongwa

JIBU: Usiimwage ardhini, ndugu yangu. Mkoa wetu ni mkavu na tunategemea sana maji ya chini. Hata Jiji la Dodoma linakunywa kutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kupaka nguzo nako sikushauri, kwani mvua huishusha oili kwenye udongo, na mtu anayeishika mara kwa mara kwa mikono mitupu huiweka ngozi yake katika hatari ya saratani. Irudishe kwenye kopo lilelile ulilonunulia, funga vizuri, weka mbali na watoto, na uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu kwa ajili ya wanunuzi wake. Filta ya zamani itoboe, iinamishe juu ya kopo usiku kucha ili iishe oili, kisha uipeleke pamoja nayo.